Kupanga safari ya kaiti kwenye visiwa vya mbali, hatua kwa hatua

Kaiti ni mchezo wa kuteleza majini juu ya ubao ukivutwa na tiara kubwa, na tiara yenyewe pia huitwa kaiti. Ufukwe wenye shule ya kaiti husamehe mengi. Kamba ikikatika, fundi yupo. Upepo ukikupeleka mbali, kuna boti na mtu wa zamu anayetazama maji. Ukienda kwenye funguvisiwa lililo saa kadhaa za ndege kutoka hospitali ya maana, msamaha huo unauacha nyuma. Ndiyo maana swali la kwanza la safari hii ni "nitarudije?" Nitarudije ufukweni siku kaiti itakapopasuka katikati ya maji, na nitarudije nyumbani siku ndege ya kisiwani itakapoahirishwa? Ukilijibu swali hilo vizuri, mengine yote hujipanga.

Mwongozo huu ni wa mtu anayejua tayari kwenda joshi, yaani kukata maji kuelekea upepo unakotoka na kurudi pale alipoanzia. Kama hilo bado linakushinda, jifunze kwanza penye walimu na boti za msaada. Nalisema kwa mapenzi mema: visiwa vya mbali ni mahali pabaya pa kujifunzia, na ni mahali pa raha isiyosahaulika kwa aliyekwisha kujifunza.

Hatua ya 1: Chagua majira kabla ya kisiwa

Visiwa vingi vinavyosifiwa kwa mchezo huu huishi kwa pepo za biashara. Kaskazini mwa ikweta zinavuma kutoka kaskazini-mashariki, kusini mwake kutoka kusini-mashariki. Uzuri wake ni kwamba hazingojei jua lipashe nchi kavu joto. Zinaweza kuvuma siku nyingi mfululizo, usiku na mchana. Lakini zina majira yake, na asiyeyajua hulipa nauli kubwa kwenda kutazama bahari iliyolala.

Cocos (Keeling), visiwa vya Australia katika Bahari ya Hindi, na Rodrigues ya Mauritius hupata upepo wa nguvu wa kusini-mashariki katikati ya mwaka. Tuamotu, katika Polinesia ya Ufaransa, na Aitutaki ya Visiwa vya Cook hufuata utaratibu huohuo, kuanzia Mei hivi hadi Oktoba. Los Roques ya Venezuela na visiwa vya Grenadines huko Karibi ni vya miezi ya mwanzo wa mwaka. Ukikaribia sana ikweta, upepo huanza kuwa wa kubahatisha, kwa hiyo picha ya maji ya buluu peke yake isikufanye ununue tiketi ya Maldives.

Kisha yaondoe majira ya vimbunga kwenye kalenda yako. Katika Atlantiki yanahesabiwa kuanzia tarehe 1 Juni hadi 30 Novemba. Kusini mwa ikweta, kuanzia Novemba hadi Aprili. Usijiambie kwamba mwanzo wa majira ni salama. Tarehe 1 Julai 2024, mwezi mmoja tu baada ya majira kuanza, Kimbunga Beryl kilivipiga Carriacou na Union Island, visiwa vya Grenadines vinavyopendwa sana na wachezaji wa kaiti, na kubomoa sehemu kubwa ya nyumba. Kama moyo wako uko huko, wasiliana na wenyeji ujue ni nyumba zipi za wageni na boti zipi zinafanya kazi sasa. Habari za miaka iliyopita hazikusaidii.

Unaposoma takwimu za upepo, usitosheke na wastani wa mwezi. Wastani wa noti 16 unaweza kuwa noti 16 kila siku, au noti 24 nusu ya mwezi na noti 8 nusu nyingine. (Noti moja ni maili ya baharini kwa saa, yaani kama kilomita 1.85.) Tafuta idadi ya siku ambazo upepo ulizidi noti 15. Kwa Pasifiki, angalia pia kama mwaka huo ni wa El Niño, maana hali hiyo hudhoofisha pepo za mashariki karibu na ikweta.

Hatua ya 2: Isome ramani kama nahodha

Hapa ndipo watu wengi hupita mbio, na hapa ndipo ningekuomba ukae jioni nzima.

Anza na umbo la atoli. Ni pete ya mwamba na visiwa vyembamba vinavyozunguka maji ya ndani. Maji tambarare kabisa, yale yanayoonekana kwenye picha kama kioo, yako nyuma tu ya visiwa vya upande wa joshini, upepo unakotoka, kwa sababu hapo mawimbi hayajapata nafasi ya kukua. Sasa fikiria upepo wenyewe unaelekea wapi. Unatoka nchi kavu na kukusukuma katikati ya maji. Ukipoteza ubao, au kaiti ikikataa kuinuka, nchi kavu inayofuata ni ukingo wa pili wa atoli. Rangiroa, huko Tuamotu, ina urefu wa karibu kilomita 80. Ukisimama ukingo mmoja, wa pili huuoni. Na ukifika upande wa demani, upepo unakoelekea, maji si tambarare tena, kwa sababu upepo umekuwa ukiyakuza mawimbi njia nzima.

Maana yake ni kwamba maji bora ya atoli mara nyingi yana upepo mbaya kuliko wote kwa usalama. Tafuta kwenye picha za setilaiti mahali ambapo upepo unavuma sambamba na ufukwe, au kwa mshazari kuelekea nchi kavu. Pasipopatikana, tafuta penye fungu la mchanga au kisiwa kidogo upande wa demani ambacho kitakupokea ukichukuliwa. Vikikosekana vyote viwili, usiingie majini bila boti iliyo tayari na nahodha anayekutazama. Gharama hiyo iweke kwenye bajeti tangu mwanzo, kama unavyoweka nauli.

Baada ya hapo itafute milango, yaani nafasi katika mwamba zinazounganisha maji ya ndani na bahari kuu. Mawimbi hurusha maji juu ya mwamba, na maji hayo lazima yatoke, yanatokea mlangoni. Mkondo wa noti 2 tu unasafiri kilomita 3.7 kwa saa, na mwogeleaji wa kawaida haushindi. Katika milango ya Tuamotu mikondo huzidi hapo kwa mbali. Pima umbali kati ya mlango na mahali unapokusudia kuchezea, kisha jiulize upepo na mkondo vikishirikiana vitakupeleka wapi. Kama jibu ni mlangoni, hama.

Kujaa na kupwa kwa maji hutofautiana sana kati ya visiwa. Tahiti tofauti yake ni kama sentimita 30 tu, lakini kwingineko inaweza kuzidi mita moja, na wakati wa bamvua, mwezi unapoandama au kuwa mpevu, matumbawe uliyoyapita asubuhi yakiwa chini kabisa huweza kukungoja alasiri kwenye kina cha kifundo cha mguu. Maji hubadilika kutoka kujaa hadi kupwa kwa muda wa saa sita na dakika kama kumi na mbili, na mwendo wake huwa mkali zaidi katika saa ya tatu na ya nne kati ya hizo sita. Chapisha jedwali la maji la siku zote za safari yako. Usitegemee intaneti ya kisiwani.

La mwisho kwenye ramani ni kimo cha nchi. Kizuizi chochote huchafua upepo nyuma yake kwa umbali wa mara saba hadi kumi ya kimo chake, wakati mwingine zaidi. Minazi ya mita 20 inaharibu kama mita 140 hadi 200. Kilima cha mita 300 kinaweza kuharibu kilomita mbili au tatu. Visiwa bapa vya matumbawe vina faida kubwa hapa. Visiwa vya milima vinakutaka uchague upande wako kwa uangalifu.

Hatua ya 3: Jifunze kujiokoa mpaka mikono izoee

Tuseme kaiti imeanguka, haiinuki, na boti haionekani. Utaratibu ni huu:

1. Fyatua kifunguo cha dharura. Kaiti itapoteza nguvu na kubaki imeshikwa na kamba moja ya usalama.
2. Jivute kwa kamba hiyo hadi ufikie mpini, yaani fimbo ya kuongozea kaiti. Zungushia kamba ya usalama peke yake kwenye mpini mizunguko kadhaa, ili iwe fupi kuliko zile nyingine na kaiti isiweze kushika upepo tena.
3. Endelea kuzungusha kamba zote pamoja huku ukiikaribia kaiti, kisha zifunge zisifumuke. Usizungushe kamba mkononi hata mara moja. Upepo ukiikamata kaiti, kamba inakata.
4. Fika kwenye kaiti na ulalie ukingo wake wa mbele. Ukingo huo umejaa hewa, kwa hiyo ndio boya lako.
5. Shika ncha zake ziwe kama tanga, na uache upepo ukupeleke kwa mshazari kuelekea nchi kavu uliyoichagua.

Usiiache kaiti ukaanza kuogelea isipokuwa inakuburuta kuelekea hatari. Inaelea, na rangi yake huonekana kwa mbali kuliko kichwa cha binadamu kitakavyowahi kuonekana. Zoezi hili lifanye kwenye maji marefu unayoyafahamu, tena ukiwa na mtu karibu, kabla ya kukata tiketi. Watu hulifanya mara moja wakiwa wanafunzi, kisha wanalisahau kabisa.

Hatua ya 4: Nchi kavu au botini

Kulala nchi kavu ni nafuu, na siku isiyo na upepo una pa kutembea. Kulala kwenye boti kunakufikisha kwenye mafungu ya mchanga yasiyo na mtu, na chombo cha kukuokoa kiko palepale. Kwa funguvisiwa lenye atoli pana, mimi ningechagua boti, hata ikibidi kupunguza siku za safari.

Kabla ya kulipa chochote, muulize nahodha: Je, kuna boti ndogo ya injini itakayobaki tayari muda wote tuko majini? Nani ataiendesha wewe ukiwa na kazi nyingine? Umewahi kumtoa majini mtu aliyenaswa na kamba za kaiti? Jibu la swali hili la tatu litakuambia mengi. Nahodha anayejua atakueleza jinsi anavyokaribia kutoka upande ambao kamba hazitaingia kwenye rafadha.

Hatua ya 5: Mzigo

Kaiti mbili ndicho kiasi cha chini, tatu ni bora. Nguvu ya upepo hukua kwa mraba wa mwendo wake: upepo ukipanda kutoka noti 15 hadi 21, nguvu inakuwa karibu maradufu. Kwa hiyo kaiti iliyokustarehesha asubuhi inaweza kukurusha alasiri. Mtu wa kilo 75 hivi anaweza kuchukua kaiti ya mita 12 za mraba kwa upepo wa noti 14 hadi 18, ya mita 9 kwa noti 18 hadi 25, na ya mita 7 kwa upepo unaozidi hapo. Aina ya kaiti na ubao hubadilisha hesabu hii, kwa hiyo itazame kama mahali pa kuanzia. Ubao wenye bawa la chini ya maji uache, isipokuwa una hakika kina kinatosha na matumbawe yako mbali.

Mkisafiri kikundi, pangeni vipimo vya kaiti kwa pamoja ili mmoja akiharibikiwa aazime kwa mwenzake. Chukueni mpini mmoja wa akiba pamoja na kamba zake.

Sanduku la matengenezo ndilo litakaloamua kama utacheza siku ya nne au utakaa kivulini. Kaiti ya baharini ilifanikiwa kwa sababu ya tyubu zake: ndugu wawili Wafaransa, Bruno na Dominique Legaignoux, waliomba hataza ya kaiti ya kujazwa hewa mwaka 1984, wakitafuta kaiti iwezayo kuinuka tena kutoka majini. Tyubu ikivuja, uwezo huo umekwisha. Na joto la tropiki ni adui wa tyubu. Kaiti iliyojazwa na kuachwa juani hupanuka hewa ndani, na gundi ya vali hulegea mpaka vali inabanduka. Beba vali za akiba, gundi yake, viraka vya tyubu, utepe wa kuziba kitambaa kilichochanika, sindano na uzi mgumu, kamba fupi za kuunganishia, skrubu za ubao, bisibisi, na mpira wa akiba wa pampu. Jizoeze kubandika kiraka nyumbani, kwenye meza safi, kabla hujalazimika kukibandika penye upepo na mchanga.

Kisha pima mzigo. Ndege za kisiwani ni ndogo, na mfuko wa mita moja na nusu unaweza kukataliwa hata kama uzito wake uko sawa, kwa sababu hauingii mlangoni. Waandikie shirika la ndege mapema ukitaja urefu, upana na uzito, na utembee na jibu lao. Kaiti moja, mkanda wa kiunoni na mpini vikae kwenye mfuko tofauti na vingine, ili mfuko mmoja ukichelewa usikose kila kitu. Ubao unaogawanyika vipande viwili umewaokoa wengi hapa.

Betri zina sheria zake. Betri za akiba za lithiamu husafiri kwenye mkoba wa mkononi, kamwe si kwenye mzigo wa chini. Zinazozidi saa-wati (Wh) 100 zinahitaji idhini ya shirika, na zinazozidi 160 abiria haruhusiwi kuzibeba. Pampu nyingi za umeme zina betri kama hizo, kwa hiyo soma maandishi yaliyo juu yake. Au beba pampu ya mkono, isiyoulizwa na mtu.

Hatua ya 6: Mwili, bima na mawasiliano

Majeraha ya matumbawe ni madogo kwa macho na makubwa kwa madhara. Vipande hubaki ndani na jeraha huoza. Osha papo hapo kwa maji safi na sabuni, sugua mpaka utoe chembe zote hata kama inauma, paka dawa ya kuua vijidudu, na usirudi majini mpaka pakauke. Viatu vya maji ni lazima. Ukichomwa na samaki-jiwe, tumbukiza mguu kwenye maji ya moto unayoweza kuvumilia, yasiyozidi nyuzi 45, kwa nusu saa hadi saa moja na nusu, huku usafiri wa kwenda kwa daktari ukitafutwa. Hakikisha chanjo ya pepopunda haijapitwa na wakati, na muulize daktari kuhusu malaria na dengi za mahali unapokwenda. Waulize pia wavuvi ni samaki gani wa mwambani hawaliwi. Kuna sumu inayoitwa siguatera, hujilimbikiza kwa samaki wakubwa wanaowinda wengine, na kupika hakuiondoi.

Bima iseme kwa maandishi kwamba inagharamia mchezo huu na kusafirishwa kwa ndege hadi hospitali. Maneno "michezo ya majini" hayatoshi, waandikie, wakujibu.

Kwa mawasiliano, kifaa cha dharura cha mfukoni kinachotuma ishara kwa masafa ya megahezi 406 hakina malipo ya mwezi, na ishara yake hupokelewa na mfumo wa setilaiti wa kimataifa wa Cospas-Sarsat. Kisajili kabla ya kuondoka, maana kisiposajiliwa waokoaji hawajui wanamtafuta nani. Kivae mwilini, kikiwa kwenye begi ufukweni hakimsaidii aliye majini. Redio ya VHF isiyoingia maji inafaa kuongea na boti yako, na chaneli 16 ni ya dharura kwa vyombo vyote. Lakini ulizia sheria za nchi kwanza. India, kwa mfano, hairuhusu kuingia na simu ya setilaiti bila kibali, na atakayekwenda Lakshadweep lazima pia apate kibali cha kuingia visiwani.

Hatua ya 7: Ruhusa, ndege wanaotaga na matumbawe

Visiwa vingi vya aina hii ni hifadhi. Los Roques ni mbuga ya taifa tangu 1972, na si kila kisiwa kinaruhusiwa kushukia. Kaiti inayopita angani huwatisha ndege wanaotaga, wakaacha mayai juani. Kaa mbali na visiwa vya viota hata kama hakuna askari anayekutazama. Palau ilipiga marufuku mafuta ya jua yenye kemikali zinazodhuru matumbawe kuanzia 2020, na Hawaii ikafuata 2021. Nguo ya mikono mirefu hulinda ngozi vizuri kuliko mafuta na haimwagiki baharini.

Beba fedha taslimu za kutosha. Na kumbuka maji baridi ya atoli ni ya mvua au ya kisima kifupi: usiyatumie kuoshea kaiti mpaka umwulize mwenye nyumba.

Hatua ya 8: Siku ukifika

Siku ya kwanza usikimbilie majini. Tembea ufukwe mzima maji yakiwa yamekupwa, uone matumbawe na vigingi vya wavuvi vilipo. Muulize mvuvi mahali mkondo unapokuwa mkali na wakati gani. Chagua pa kushukia palipo wazi angalau mita 50 upande wa demani, maana kamba zako zina urefu wa mita 20 hadi 24.

Utabiri wa simu uuchukulie kama dokezo la upepo wa baharini kwa jumla. Mfumo wa utabiri wa Ulaya, ECMWF, hutazama dunia kwa vipande vya kilomita 9 hivi, ule wa Marekani, GFS, kwa kilomita 13, kwa hiyo kisiwa cha upana wa kilomita mbili hakimo kabisa ndani yake. Macho yako ndiyo yatakayoona wingu jeusi lenye pazia la mvua likija kutoka joshini. Mbele ya wingu hilo upepo unaweza kuongezeka ghafla sana, na baada yake ukakatika kabisa. Toka majini kabla halijafika, shusha kaiti, ngoja lipite.

Msiingie wote kwa pamoja. Mmoja abaki nchi kavu na redio. Kubalianeni saa ya mwisho ya kutoka majini, angalau saa moja na nusu kabla ya jua kuzama, kwa sababu tropiki giza huingia haraka na msako wa usiku ni mgumu mno.

Siku ya mwisho ya kucheza iwe siku mbili kabla ya ndege ya kisiwani, ili kaiti zikauke vizuri kivulini kabla ya kukunjwa; zikikunjwa mbichi huota ukungu njiani. Na kati ya ndege ndogo ya kisiwani na ile kubwa ya kukurudisha nyumbani, acha usiku mmoja au miwili. Upepo uleule uliousafiria ndio utakaozuia ndege ndogo kutua, na tiketi mbili zilizokatwa kando kando hazisubiriani.